Hesabu ya Maji

Safari haianzi barabarani. Huanza mezani, usiku, watoto wakiwa wamelala au wamejifanya kulala, ramani imekunjuliwa na kalamu imeshikwa. Hapo ndipo hukatwa shauri nani atakwenda na nani atabaki, kipi kitachukuliwa na kipi kitaachwa; na kwa kuwa gari lina kadiri yake kama kila chombo kilivyo na kadiri yake, kila kitu kiingiacho hukitoa kingine. Watu husema kuwa tabia ya mtu hujulikana njiani. Ni kweli, lakini njiani mtu aghalabu amechoka, ana kiu, ana hofu, na makosa yake yana udhuru. Mezani hana udhuru. Ana nafasi na utulivu, wala hapana amharakishaye. Karatasi aiandikayo pale ni ushahidi mkubwa wa moyo wake kuliko mengi atakayoyatenda jua likiwa utosini.

Na ifikiriwe jamaa moja ya Mombasa, mume na mkewe na watoto watatu, pamoja na mama wa mume aliyekaa nao. Jamaa hii iliazimu kuitumia likizo ya Agosti, masika yamekwisha na vuli haijafika, kwa kuizunguka kaskazini ya Kenya mpaka Ziwa Turkana na kurudi. Bibi hatakwenda, magoti yake yamekwisha kataa safari ndefu. Mume alikuwa mtu wa tadbiri, na tadbiri yake ilikuwa njema. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na kutoka Nairobi hadi Isiolo ni karibu 280 tena. Mpaka hapo msafiri hajafanya la kujisifia, kwa kuwa maduka hayamwachi. Baada ya Isiolo njia huvuka mto Ewaso Nyiro penye Archer's Post, hupita Laisamis na tambarare kavu ya Kaisut, kisha hupanda mlima wa Marsabit, wenye msitu na ukungu wa asubuhi, ambako ndovu mashuhuri Ahmed alilindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970 mpaka akafa kifo chake mwenyewe mwaka 1974. Lami huendelea kwenda Moyale. Jamaa hii ilikusudia kuiacha Marsabit, kushika magharibi kwa Maikona na Kalacha, kufuata ukingo wa jangwa la Chalbi mpaka North Horr, kuteremka Loiyangalani ziwani, na kurejea kwa South Horr, Baragoi na Maralal.

Aliandika magurudumu mawili ya akiba, sio moja, kwa sababu mawe meusi ya volkeno yaliyotandazwa upande wa Loiyangalani hukata mpira kama kisu kikatavyo embe. Aliandika pampu, jeki, na kipande cha ubao cha kuwekea jeki juu ya mchanga. Aliandika petroli, dawa ya homa, kamba, sepeto, na mishumaa. Alipatana na rafiki mwenye gari la pili wafuatane, kila mmoja na vyake, maana gari moja likikwama Chalbi ni msiba, na magari mawili likikwama moja ni kazi tu. Kisha akaandika maji. Mtu mmoja, lita 5 kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu 5, lita 25. Siku 7 za nchi kavu, lita 175. Na lita 25 za rejeta na za dharura. Jumla lita 200, madumu 10 ya lita ishirini ishirini. Alipiga mstari chini ya tarakimu hizo kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

Mama yake, aliyekuwa akishona mkeka pembeni, aliuliza, "Na maji ya watu, mwanangu?"

"Watu gani, mama?"

"Watu wa huko."

Mume akacheka kwa heshima. "Mama, huko ni pori."

Bibi hakujibu, akaendelea na mkeka wake. Walakini swali lake lilibaki mezani, na ni swali gumu kuliko lilivyosikika. Je, mtu apangapo safari ya watu wake katika nchi yenye kiu, anawajibika kuihesabu kiu isiyokuwa yake? Kama anawajibika, ni kwa haki gani, na mpaka wapi? Na kama hawajibiki, kwa nini jibu la mume lilihitaji neno pori ili lisimame?

Neno hilo lastahili kutazamwa kwanza. Kiswahili kina maneno mengi ya nchi isiyolimwa: pori, nyika, mwitu, jangwa. Maneno haya hueleza udongo na miti, lakini kwa siri hueleza pia mahali aliposimama msemaji. Watu wa pwani waliiita nyika nchi kavu iliyo nyuma ya mashamba yao, na wenyeji wake wakaitwa Wanyika. Wenyeji hao hawakulipenda jina hilo, na katika miaka ya 1940 walijichagulia jina la Wamijikenda, ambalo ndilo wanaloitwa sasa. Nyika, basi, haikuwa nchi isiyo na watu. Ilikuwa nchi yenye watu ambao msemaji hakuona haja ya kuwauliza majina yao. Si ajabu kuwa mume wa Mombasa, ambaye pengine bibi yake mzaa bibi alitoka Rabai, alilichukua neno lile lile akalipeleka kilomita mia kadha wa kadha kaskazini, akawavika wengine.

Chalbi kwa mgeni ni sakafu nyeupe ya chumvi, ziwa la zamani lililokauka, ambalo mvua kubwa hulirudishia umbo lake kwa siku chache. Kwa Mgabra ni nchi yenye visima ambavyo kila kimoja kina jina, kina wenyewe, na kina siku ya zamu. Warendile, Wasamburu, Waborana, Waturkana, Wadaasanach na Waelmolo nao hawaishi porini, wanaishi kwao. Ikiwa nchi yao ilifanana na pori machoni pa Nairobi na Mombasa, sehemu ya mfanano huo ilifanywa na kalamu. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, mtu asiingie wala asitoke ila kwa ruhusa. Mwaka 1934 sheria nyingine ikaikaza fundo. Uhuru ulipokuja haukulifungua: mwezi wa Desemba 1963 ilitangazwa hali ya hatari, na haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Katikati ya muda huo, waraka mashuhuri wa serikali wa mwaka 1965 uliamua kuwa fedha za maendeleo zipelekwe kwanza katika nchi zenye rutuba, mvua na njia, zilizoweza kurudisha faida upesi. Haukusema kuwa kaskazini ni pori. Ulifanya hesabu tu, na kaskazini haikuwamo. Wazee wa Marsabit na Moyale walizoea kumwuliza mtu atokaye Nairobi, "Kenya kukoje?" Wageni walidhani ni mzaha.

Hapo ndipo swali la bibi linapoanza kuonyesha makali yake. Kuna namna ya kuwadhulumu watu isiyohitaji chuki wala fimbo. Yahitaji orodha tu, iliyoandikwa na mtu mwema, ambamo hawamo.

Mtu wa kwanza wa pwani anayejulikana sana kwa safari hii hakuwa mjinga wa orodha. Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, alikuwa kiongozi wa msafara wa Samuel Teleki wa Hungaria na Ludwig von Höhnel wa Austria, ulioondoka pwani mwaka 1887 ukafika ziwani mwezi wa Machi 1888. Wageni hao waliliita ziwa kwa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, na jina hilo likadumu mpaka mwaka 1975. Msafara wao ulikuwa na wapagazi zaidi ya mia mbili, wengi wao watu wa pwani, na mizigo yao ilikuwa nguo, ushanga, nyaya na risasi. Walipoyaona maji ya kijani yametanda mpaka macho yanapokomea, watu waliokauka koo kwa siku nyingi walikimbia wakajitupa ukingoni, wakanywa, wakakuta ni maji ya magadi. Msafara mzima ulikuwa maskini mbele ya nchi ile. Ushanga hauliwi, na risasi hainyweki. Waliishi kwa wanyama waliowapiga na kwa hisani na biashara ya watu waliowakuta.

Kisa hicho kina maana kwa sababu adabu zote za kale zinazomhusu msafiri zilitungwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Msafiri wa kale alikuwa mhitaji. Katika Uislamu yeye ni mmoja wa aina nane za watu wanaostahili zaka, hata kama ni tajiri kwao, kwa kuwa mali iliyo mbali haimlishi mtu aliye njiani. Na mafakihi waliitambua haki ya mwenye kiu katika maji ya kisima cha mwingine. Waborana wana mtu wao wa zamu, abba herrega, anayepanga mifugo ya nani inywe leo na ya nani kesho. Watu husimama katika ngazi za kisima kirefu, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo kwa nyimbo mpaka birika lijae. Mfumo huo ni mkali, maana kisima kisicho na zamu hugeuka uwanja wa vita. Lakini zamu ni ya ng'ombe na ngamia. Mtu mwenye kiu hawekwi nyuma ya ng'ombe. Anapewa anywe, kisha ndipo aulizwe habari.

Sasa na aangaliwe msafiri wa leo. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale, karibu kilomita 500, ilikamilika katika miaka ya 2010, na mwendo uliochukua siku mbili tatu juu ya lori, nyuma ya askari wenye bunduki, umekuwa mwendo wa siku moja. Msafiri hupita akiwa na lita 200 za maji, nyingine katika sanduku la barafu. Kando ya barabara, katika miezi ya ukame, wamesimama watoto. Hawauzi kitu. Wameinua chupa tupu, wakizitikisa ili gari lione. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kuleta mvua ya maana, na katika Kenya peke yake zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa. Kisha mwisho wa mwaka 2023 yakaja mafuriko yaliyobomoa njia na kuua tena. Mwenyeji ndiye mhitaji. Msafiri ndiye kisima. Mambo yamepinduka juu chini, lakini adabu hazikupinduka pamoja nayo. Msafiri angali anajiona kuwa mtu wa kuhurumiwa, aliye ugenini, ambaye kazi yake ni kufika salama. Wahenga walisema msafiri kafiri, na walikusudia udhuru: njiani mtu huachiwa mengi. Ni udhuru wa mtu aliyekwenda kwa miguu. Hauwezi kupandishwa gari pamoja na madumu 10.

Mume, alipoelezwa hivi na mkewe, alitoa hoja tatu, na kila moja ilikuwa na uzito wake.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya baba. Alisema kuwa wajibu wake ni kwa watoto wake kwanza, na kwamba mzazi anayegawa maji ya wanawe jangwani ili asifiwe ukarimu ni mzazi mbaya. Hapana awezaye kulikana hilo. Lakini neno kwanza si neno peke yake. Asemaye kwanza ameahidi pili, na karatasi yake haikuwa na pili. Tena hoja hii ina nguvu barabarani kuliko mezani. Gari likiwa limekwisha ondoka na madumu 10 yaliyohesabiwa kwa watu 5, baba akimpa mtoto wa njiani anawanyang'anya wanawe, na akimnyima anatenda ukatili; hana mlango wa tatu. Mashaka hayo yalitengenezwa Mombasa, chini ya taa, siku nyingi kabla ya mtoto yule kuinua chupa. Watu wengi hudhani kuwa huruma ni jambo la moyo, linalofika lenyewe saa yake ikifika. Pengine hufika, lakini hufika mikono mitupu. Huruma isiyohesabiwa haina maji.

Hoja ya pili ilikuwa ya mtu wa siasa. Alisema maji ya watu wa kaskazini ni kazi ya serikali za kaunti na ya serikali kuu, na kwamba dumu moja la mpita njia halitachimba kisima. Ni kweli, na mtu mwenye kura na kinywa anapaswa kuvitumia. Mashirika ya misaada yameweka kiwango cha lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku wakati wa dharura, za kunywa, kupikia na usafi. Kuoga kwa dakika chache chini ya bomba la hoteli humaliza zaidi ya hizo. Ngamia mmoja aliyekaa siku nyingi bila maji aweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa mara moja. Mbele ya tarakimu hizo dumu la mpita njia ni kichekesho. Walakini kiu haina jumla. Haijawahi kutokea kaunti ikahisi kiu. Huhisi koo moja, kisha koo lingine. Deni la serikali ni kubwa na halipungui kwa kuwa mtu fulani alisimamisha gari, lakini pia halimnyweshi aliyesimama pale saa ile.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kupita zote, nayo ilitokana na mambo aliyoyasikia kwa madereva. Watoto huacha shule wakaenda barabarani, kwa kuwa barabara inatoa. Hukimbilia magari yaendayo kasi, na wengine hugongwa. Hujifunza kunyoosha mkono, na mkono uliozoea kunyooshwa haukunji kwa urahisi. Hapa mume alikuwa na haki zaidi kuliko mkewe alivyokubali. Chupa inayotupwa dirishani kutoka katika gari lisilosimama ni sadaka na tusi kwa pamoja, na huenda tusi ndilo linalodumu, kama idumuvyo ile plastiki kando ya njia. Mtu anayetoa hivyo hakumpa mtoto maji. Amejinunulia utulivu wa kilomita kumi zijazo.

Lakini hoja hii inakataza namna ya kutoa, haikatazi kutoa. Gari laweza kusimama mbali na kona, mahali wazi. Dereva aweza kuteremka, akasalimu, akauliza mkubwa yuko wapi, akammiminia mama au mzee katika chombo chake mwenyewe, akangoja kiishe kumiminwa. Salamu ni kitu kidogo, lakini ndiyo inayotenganisha mtu anayepewa na mnyama anayetupiwa. Kwa kweli jambo hili linachukua dakika kumi, nazo dakika kumi hazimo katika ratiba ya wasafiri wengi. Hivyo zinapaswa kuandikwa karatasini pamoja na maji yenyewe. Wapo waonao kuwa ni afadhali kumpelekea maji mwalimu wa shule au mzee wa kijiji kuliko kumpa mtu wa barabarani. Wanasema vema, maadamu wanapeleka. Aghalabu neno afadhali hutumiwa na mtu asiyekusudia kufanya lolote kati ya mawili.

Mke wake aliongeza jambo ambalo halikuwa katika swali la bibi, ingawa lilizaliwa nalo. Aliitazama orodha tangu juu mpaka chini, akasema, "Baba watoto, hapa hatukubakiza kitu cha kuwaomba."

Alikuwa na maana gani? Orodha ya mumewe ilikuwa kamili mno. Unga, mchele, nyama ya makopo, hema, kuni za makaa, hata limau. Mtu aendaye Kalacha na limau zake, akalala katika hema lake, akapika chakula chake, akaondoka alfajiri, ameipita nchi kama aipitavyo kwa ndege. Hakuwadhuru wenyeji, hakuwafaa. Desturi ya wafugaji ni kumpa mgeni maziwa ya ngamia kabla ya mazungumzo, na anayetoa maziwa hayo anapata heshima ya kuwa mwenyeji. Mgeni asiyehitaji kitu humvua mwenyeji nguo hiyo. Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakusema mgeni aje ameshiba na amejifungia. Kwa hivi tadbiri ya mume ilikuwa na kasoro mbili zilizoonekana kupingana: haikuwa na kitu cha kuwapa watu wa huko, wala haikuwa na nafasi ya kupokea kitu kwao. Lakini kasoro hizo ni moja. Zote mbili zinatokana na kudhani kuwa huko hapana mtu.

Kuacha nafasi si kwenda ovyo. Nchi ile humwadhibu mzembe, na mzembe hugeuka mzigo wa watu wasio na nguvu ya mzigo. Anayeishiwa maji Chalbi atakunywa ya Mgabra. Ukarimu wa maskini haupaswi kufanywa sehemu ya mipango ya tajiri. Mzazi anao wajibu wa kuuliza habari Isiolo, kwa askari na kwa wenye malori, akiambiwa arudi arudi. Mwezi wa Mei 2022 serikali iliweka amri ya kutotoka usiku Marsabit baada ya mauaji na wizi wa mifugo. Mtu aliyekuwa amepanga kupita siku hizo na watoto wake akaahirisha hakupungukiwa na ushujaa. Ila kuahirisha huko nako kuna jambo la kuwazisha. Msafiri akighairi safari amerudi nyumbani. Mwenyeji hana cha kughairi.

Nafasi inayofaa kuachwa ni nyingine. Ni mbuzi atakayenunuliwa North Horr badala ya nyama ya makopo, kwa bei ya haki, bila ule ushindani wa kujionea fahari wa kumpunguzia mtu mwenye shida. Ni kijana wa huko atakayelipwa kuonyesha njia, hata kama ramani ya simu inadai kuijua. Chalbi hubadilika kwa mvua moja, na simu haikuwako mvua iliponyesha. Ni usiku mmoja katika nyumba ya wageni ya mtu wa Loiyangalani, penye chemchemi ya maji matamu na miti, huku upepo wa Mlima Kulal ukitikisa mabati mpaka asubuhi. Ni kununua maji, yakipatikana ya kununua, kwa bei wanayolipa wenyeji na baada ya zamu yao, wala si kuliosha gari kisimani, jambo ambalo mtu wa mjini aweza kulitenda bila kufikiri na likakumbukwa pale kwa miaka.

Na watoto wataona ziwa. Wataambiwa kuwa kiasi cha tisa katika kumi ya maji yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, ambako bwawa kubwa la Gibe III lilifunguliwa rasmi mwaka 2016; na kuwa magharibi ya ziwa, mwaka 1984, jicho la Kamoya Kimeu liliona kipande kidogo cha fuvu kilichofichua mifupa ya kijana aliyekufa kiasi cha miaka milioni moja na nusu iliyopita. Wataona mashua za Waelmolo, ambao maji ya ziwa yamewakata na kijiji chao cha Komote kwa kupanda kwake tangu karibu mwaka 2020: maji yanayoongezeka kila siku mbele ya watu, na yenye magadi, yasiyofaa meno wala mifupa ya mtoto. Watauliza inawezekanaje watu wazungukwe na maji na wakose maji. Baba atalieleza hilo la ziwa kwa sayansi, naye atalieleza vizuri. Swali jingine, lile la chupa tupu barabarani, hawataliuliza kwa maneno. Watatazama mguu wa baba yao tu, kama unakanyaga breki au mafuta.

Usiku ule mazungumzo yalikwisha bila mshindi. Bibi alikuwa amekwisha kukunja mkeka na kwenda kulala. Mke alikwenda kutazama chai. Mume aliirudia karatasi, akapima kwa macho nyuma ya gari, akapima tena. Lita 200 ni kilo 200, na gari lilikuwa limekwisha lemewa. Alifuta viti vya kukunja na meza yake. Alisita kidogo, akafuta sanduku la barafu. Akafuta nusu ya makopo ya nyama. Penye nafasi hiyo, chini ya ule mstari aliokuwa ameupiga kwa furaha, akaandika: madumu 4.

Mtoto mdogo, ambaye hakuwa amelala, alikuwa amesimama mlangoni. "Baba, hayo manne ni ya nani?"

"Kalale, mwanangu."

Mtoto akaenda. Mume alikaa na kalamu mkononi, akitafuta jina la kuandika mbele ya tarakimu ile, kama alivyoandika mbele ya nyingine zote jina la kila mtu wa nyumba yake. Chai ililetwa, ikapoa.